Kichaka cha korongoni kinavyolinda maji na afya ya Umakondeni

Mwezi Septemba, korongo lililo chini ya mwinuko wa Ndanda, kusini mwa Tanzania, halina tone la maji. Mchanga wake mweupe unaunguza nyayo. Lakini chimba kwa mkono mpaka kiwiko kizame: mchanga unabadilika rangi, unashikamana, na baada ya muda shimo linaanza kujaa maji polepole. Inua macho, utaona dalili nyingine ya maji hayo. Miti ya mbali na korongo imepukutika, ila kingoni mkuyu ni kijani, mkwaju una kivuli, na chini yake mkole na mkulagembe vimesongamana hata mbuzi hapenyi.

Wengi wetu kichaka hicho tunakiita pori tu, maficho ya nyoka. Msimu wa kulima ukikaribia, ndicho tunachokifyeka kwanza. Nasema tunakosea, na gharama yake tunailipa kwa maji na kwa afya zetu.

Ndanda si jangwa. Hata hivyo, mvua ya Masasi na Newala ni ya msimu mmoja, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu. Kwa hiyo makorongo yetu yanaishi maisha yanayofanana na ya makorongo ya Oman, yaitwayo wadi, inakoota mikunazi, au ya Turkana, yaitwayo laga: mafuriko ya saa chache, halafu miezi ya mchanga mkavu. Mimea inayoweza kuishi mahali pa namna hiyo ni ile iliyojifunza mambo mawili: kusubiri na kushikilia.

Kusubiri ni kazi ya mbegu. Mbegu nyingi za jamii ya kunde, mkulagembe ukiwemo, zina ganda gumu lisilopitisha maji kwa urahisi, nazo hulala ardhini mpaka ganda lilegee. Katika jangwa la Sonora, kule Marekani na Meksiko, ipo miti ya makorongo ambayo mbegu zake huota vizuri baada ya kusagwasagwa na mchanga na kokoto za mafuriko. Maji yanayolivunja ganda ndiyo hayo hayo yanayolowesha udongo wa kuotea.

Kushikilia ni kazi ya mizizi na mashina. Mafuriko yakipiga kichaka, hupungua kasi, na maji yaliyopungua kasi hutua mzigo wake. Angalia nyuma ya kichaka chochote cha korongoni baada ya mvua: utakuta kilima kidogo cha mchanga laini, majani makavu, vijiti na mbegu. Hapo ndipo mche mwingine unapoota. Chini, mizizi hufuma ukingo kama ukili unavyofumwa kuwa mkeka. Ukiing'oa, ukingo unabomoka, korongo linapanuka, na shamba linaliwa hatua kwa hatua.

Ni kweli kwamba kichaka nacho kinakunywa maji, tena si haba. Wala hakileti mvua. Faida yake ni kuyapa maji nafasi ya kuzama. Kivuli na majani yaliyooza huzuia matone ya mvua yasiufanye udongo kuwa gamba gumu, na maji yanayopita taratibu hupata muda wa kuingia mchangani badala ya kukimbilia mto Lukuledi na kupotelea baharini.

Juu ya uwanda wa Makonde hali ni kama hiyo, ila kwa ukubwa zaidi. Newala imekaa juu ya matabaka manene ya mchanga. Mvua inazama, inashuka hadi kwenye matabaka yasiyopitisha maji, kisha inatafuta njia ya pembeni na kutokeza chini ya mwinuko kama chemchemi. Ndiyo maana Wabenediktini walipoanzisha misheni Ndanda mwaka 1906 walikuta maji, wakati aliyeishi juu alilazimika kuyafuata bondeni na kupanda nayo kichwani.

Wazee wa Kimakonde walikuwa na maelezo yao juu ya kuishi mbali na maji. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alisimuliwa juu ya uwanda huo masimulizi ya asili ya kabila: watoto wa kwanza waliozaliwa karibu na mabonde walikufa, aliyezaliwa juu akaishi, na kizazi kikausiwa kisijenge jirani na maji kwa sababu huko kuna maradhi. Leo tunamjua mbu wa malaria, nasi tunaona kwamba usia huo haukuwa wa bure.

Lakini maji ya mbali ni maji ya kuhifadhi. Mwaka 1952 na 1953 homa kali iliyoumiza viungo iliwakumba watu wa Newala. Madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955, na dunia nzima ikaupokea ugonjwa huo kwa jina la Kimakonde: chikungunya, kile kinachompinda mtu. Anayeueneza ni mbu aina ya Aedes, aumaye mchana na kutaga kwenye mitungi na mapipa ya nyumbani. Mayai yake nayo yanajua kusubiri: hukaa makavu kwa miezi ukutani mwa chombo, yakiguswa na maji yanaanguliwa. Mlipuko wa chikungunya huko Lamu, Kenya, mwaka 2004 ulitokea wakati wa ukame, watu wakiwa wamehifadhi maji majumbani.

Hapo ndipo kichaka kinapogusa afya. Kisima cha mchangani kikiwahi kukauka, safari ya maji inarefuka, ndoo zinaongezeka uani, na maji ya kunawa mikono yanakuwa anasa. Na si maji peke yake. Ming'oko, chakula kinachojulikana sana Kusini, ni viazi vya porini vinavyochimbwa vichakani wakati wa kiangazi. Kichaka kikitoweka, akiba hiyo inatoweka nacho.

Babu zetu walijua kukirudisha. Mwaka 1945 mwanajiografia Clement Gillman aliandika jinsi Wamakonde walivyolima kwa zamu na kuliacha shamba lirudi kuwa kichaka. Leo mikorosho na wingi wa watu vimepunguza nafasi ya zamu hizo. Kwa hiyo kingo za makorongo ziwe za kwanza kuachwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Usichome moto kingoni, usifyeke hadi mchangani, na mbuzi wachungwe mbali na miche michanga. Nyumbani, funika kila chombo cha maji, na kila wiki kisugue kuta za ndani kabla ya kukijaza tena.

Mvua za Desemba zitakapoanza, nenda kasimame ukingoni siku moja. Maji mekundu yatakuja na magogo, yatapiga kichaka, yatatulia kidogo na kuacha mchanga wake. Kisima utakachochimba Septemba ijayo kinaanzia hapo.