Injini Inavuja Oili? Tutafute Chanzo Kwanza

Gari la zamani la dizeli lina kazi kubwa kijijini. Mchana hupeleka mazao sokoni, usiku humpeleka mgonjwa hospitali. Lakini pale linapolala tunaona doa jeusi chini. Wengi wetu husema, "Ah, uzee tu huo." Basi oili hupungua kidogo kidogo, vyuma husagana, na siku moja injini inanoki njiani na mgonjwa yumo ndani.

Tusikimbilie kufungua injini. Oili hutoka juu, ikateremka, ikadondoka chini. Tukibadili gasketi ya chini bila kutazama juu, tumetupa fedha.

Tufanye hivi:

1. Injini ikiwa imepoa, tuisafishe nje kwa brashi na mafuta ya taa. Petroli ni hatari, hushika moto upesi. Tuifute mpaka ikauke kabisa.

2. Tuiwashe, iungurume dakika 10. Mikono na nguo viwe mbali na feni. Tuzime, tumulike kwa tochi. Mahali pa juu kabisa penye oili mbichi ndipo penye chanzo.

3. Ikitoka kwenye tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini, tukaze nati kidogo tu. Tukikaza mno kifuniko hupinda, kikazidi kuvuja. Isipokoma, tukwangue gasketi kuukuu yote, tuweke mpya.

4. Tukague bomba ambalo injini hupumulia. Likiziba kwa uchafu, hewa ya ndani hukosa njia, nayo husukuma oili ipite kwenye sili. Hapo hata sili mpya itavuja! Tulisafishe bomba hilo kabla ya kununua chochote.

5. Ikitoka kati ya injini na giaboksi, huenda ni sili ya nyuma. Hiyo ni kazi ya fundi.

Wakati tunamngojea fundi, kila asubuhi tupime oili kwa stiki, gari likiwa mahali tambarare. Iwe kati ya alama mbili, isizidi ya juu. Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, tusimamishe gari na kuzima injini papo hapo. Oili chafu tusiimwage karibu na kisima.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana:
Kwa nini tunaanza kutazama juu?
Bomba la kupumulia likiziba, nini hutokea?