Gimbi mezani, lugha mdomoni

Hapa kwetu gimbi ni la kuchemsha na kushushia chai. Katika visiwa vya Hawaii, jimbo la Marekani lililo katikati ya Bahari ya Pasifiki, wenyeji huliita kalo na humheshimu kama kaka. Hadithi zao za kale husema liliota kwenye kaburi la mtoto aliyeitwa Hāloa, na mdogo wake aliyerithi jina hilo ndiye babu wa watu wote.

Gimbi likishaiva hupondwa kwa jiwe juu ya ubao, maji yakiongezwa kidogo kidogo, mpaka liwe poi, rojo zito la zambarau. Huliwa kwa vidole: iliyo nzito kidole kimoja chatosha, nyepesi hutaka viwili au vitatu. Ikikaa siku chache huchachuka, na wapo wasioitamani kabla ya hapo. Bakuli likishafunuliwa, ugomvi ni mwiko. Mwenye lake moyoni asubiri.

Kama sisi na ugali na mboga, wao wana ʻai, ambayo kwanza ni poi, na iʻa, yaani samaki au kitoweo chochote. Hata ʻohana, familia, limetokana na ʻohā, machipukizi yanayoota ubavuni mwa gimbi mama.

Maneno haya yalikaribia kupotea. Ufalme wao ulipinduliwa mwaka 1893, na mwaka 1896 sheria ikaamuru shule zifundishe kwa Kiingereza. Watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha ya nyumbani, na wazazi wengi, kwa kuwahurumia, wakaacha kuwasemesha. Katiba ya jimbo iliitambua kuwa lugha rasmi mwaka 1978, lakini karatasi haimfundishi mtoto kuomba chakula.

Mwaka 1984 ilifunguliwa shule ya awali ya Pūnana Leo, kiota cha sauti, ambako watoto hula, hucheza na kugombezwa kwa Kihawaii. Wazazi nao hutakiwa kujifunza. Hapo ndipo penye kazi, maana mama aliyekulia kwenye Kiingereza hurudi jioni amechoka, poi dukani ni ghali, na sufuria ya wali iko tayari jikoni.

Wengi huanza na maneno ya mezani. Mtoto akisema ʻono, amekisifu chakula. Akisema pau, amemaliza, mwondolee sahani.