"Sasa huyo mbwa wa nini?"

Jirani aliuliza kile ambacho mtaa mzima ulikuwa ukikiwaza, wala hakuuliza kwa ubaya. Hapa Kibamba mbwa ana kazi moja, kulinda. Mashamba yamekatwa viwanja, kuta hazijafika juu, nondo zimelala nje, na usiku mwenye nyumba humtegemea Simba au Tomi kuliko kufuli. Kwa hesabu hiyo, mbwa asiyeweza kusimama ni mlinzi aliyeachishwa kazi lakini bado anadai ugali.

Simba wetu aligongwa Barabara ya Morogoro. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kilipopanuliwa kuwa njia nane, mbwa waliozoea kuvuka mbio moja tu walibaki na akili ya barabara ya zamani. Pingili ya mgongo ilivunjika. Alipasuliwa, mshono ukafunga, manyoya yakaota. Miguu ya nyuma haikurudi.

Daktari wa mifugo alikuwa ametuandaa mapema. Kabla ya upasuaji alimbana kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo. Mguu ukajivuta, nasi tukashangilia. "Bado," akasema. "Mguu unaweza kujivuta bila mwenyewe kujua." Alichokuwa akikitafuta ni mbwa ageuke, alie, atake kung'ata, maana hapo maumivu yanakuwa yamefika kwenye ubongo na tumaini la kutembea tena linakuwa kubwa. Simba alikuwa akitazama dirishani.

Watu hudhani taabu ya mbwa wa namna hii ni kutembea. Taabu ni mkojo. Kibofu hujaa asijue, kikafurika kidogokidogo, nawe ukiona matone unajidanganya kwamba amekojoa. Mkojo uliolala ndani huzaa maambukizi, na maambukizi hupanda hadi kwenye figo. Kwa hiyo mara tatu au nne kwa siku, ya kwanza alfajiri, namsimamisha, naweka viganja pande mbili za tumbo karibu na mapaja, natafuta kitu kama puto la maji, kisha nakibana taratibu kuelekea mkiani. Siku za mwanzo sikupata hata tone. Ilibidi daktari aishike mikono yangu kwa mikono yake. Haya mambo hayaelekezwi kwa simu.

Halafu kuna ngozi. Anakolalia huchubuka, hasa nyonga, na joto letu na nzi wetu hawangoji: kidonda cha asubuhi kinaweza kuota funza mapema mno. Analala juu ya godoro la sponji lililovikwa turubai, tunamgeuza kila saa chache, tunamwosha na kumkausha. Siafu nao wanataka kuangaliwa, kwa sababu hawezi kuwakimbia. Chakula tumempunguzia, maana kila kilo anayoongeza ni mzigo wa miguu miwili ya mbele na wa mgongo wangu.

Na tafadhali, usimpe dawa zako za maumivu. Ibuprofeni au diklofenaki inayokutuliza wewe inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibia figo.

Mwanzoni tulimtembeza kwa khanga kuukuu iliyopitishwa chini ya tumbo. Kigari kilikuja baadaye, na aliyekileta ni jirani yuleyule. Ni fundi bomba, na ni Mwislamu asiyetaka mate ya mbwa yamguse. Alisimama hatua tatu mbali akiniamuru mahali pa kushika futi, akaandika vipimo kwenye kiganja, jioni akarudi na mabomba ya plastiki yaliyounganishwa kwa gundi na magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto. Cha kwanza kilimbinua kifudifudi. Akasogeza ekseli ikae chini ya nyonga, na Simba akaondoka nacho hadi kwenye mchanga wa getini, akakwama, akabweka tumkwamue.

Hakivai kutwa nzima, kwa kuwa akiwa nacho hawezi kulala. Usiku tunamvua, anabaki barazani kwenye godoro lake. Wiki iliyopita, saa nane, bodaboda ilizima injini nje ya ukuta wetu, na Simba akabweka mpaka ikawashwa tena ikaondoka, kisha akaendelea kubweka kwa ziada. Simu yangu ikaita. Alikuwa jirani.

"Mnyamazishe huyo mlinzi wako," alisema, "watu tunalala."