Cheti cha Jengo la Kijani: Taa Kwanza, Sola Mwisho

Unajenga apatimenti au ofisi ya kupangisha, na benki au mpangaji anataka cheti cha jengo la kijani? Usianze na sola. Muuzaji atakupeleka huko kwa sababu ndiko kwenye bei kubwa.

Chagua cheti kwanza. EDGE, cha IFC, shirika lililo chini ya Benki ya Dunia, kinataka upunguze angalau asilimia 20 katika maeneo matatu: nishati ya jengo, maji na athari za utengenezaji wa vifaa vya ujenzi. Kwa hiyo umeme peke yake haukupi cheti. Bila kubana maji umekwama. LEED cha Marekani kinaanzia alama 40 kati ya 110, na katika toleo lake la 4, jengo jipya linaweza kupata hadi alama 18 kwa kubana matumizi ya nishati. Mwenye mfuko mdogo achukue EDGE. LEED ni ya yule ambaye mpangaji wake ameitaja kwenye mkataba.

Programu ya kukokotoa EDGE ni ya bure mtandaoni. Cheti si bure. Kuna ada ya usajili, ada ya cheti, kisha mkaguzi unayemlipa mwenyewe, naye huhitajika kwenye michoro na tena ujenzi ukiisha. Dai bei zote kwa maandishi kabla ya kusaini. Tunza risiti na picha za vifaa, kwani ndizo ushahidi wako.

Sasa vifaa. Tyubu ya zamani ya wati 36 pamoja na balasti yake hula kama wati 40. Ya LED ni 18. Ikiwaka saa 10 kwa siku, siku 26, unaokoa karibu uniti 6 kwa mwezi. Kwa uniti ya Tanzania ya Sh 356 hivi pamoja na kodi, hiyo ni takriban Sh 2,000 kwa kila tyubu. Hapa usisite. Ila kataa taa isiyo na warantii ya maandishi.

AC ya inverta ni ghali zaidi dukani, na kadi yake ikiungua kwa umeme kupanda na kushuka, kuitengeneza kunauma. Inunue kwa chumba kinachopozwa kutwa, na bei ya kifaa cha kulinda volteji uihesabu humohumo. Chumba cha saa mbili kwa siku, feni inatosha.

Sensa za kuzima taa zinafaa ngazini, chooni na stoo. Mapokezini ni hasara.

Sola ifuate baada ya hayo yote, maana matumizi yakishuka, paneli na betri za kununua zinapungua.

Tukirudi kwenye sensa: nyingi za kufunga kwenye swichi huhitaji waya wa nyutro, na mafundi wengi hawaufikishi hapo. Mwambie fundi wako auvute leo, kabla ya plasta. Baadaye utalipia kuvunja ukuta, plasta mpya na rangi.