Gia ikiteleza mlimani, usikimbilie kununua giaboksi

Gari lenye mzigo likifika Sekenke, mkoani Singida, au kwenye milima ya Kabale kabla ya mpaka wa Katuna, ndipo hujitokeza ugonjwa uliokuwa umejificha kwenye barabara tambarare. Dereva anakanyaga mafuta, injini inanguruma, mshale wa mizunguko unaruka hadi 4,000, lakini mwendo haupandi. Mafundi wanasema gia inateleza.

Kwa anayebeba nyanya au samaki, hilo si tatizo la gari peke yake. Pale Rusumo, maofisa wa Tanzania na Rwanda wanahudumia watu katika kituo cha pamoja tangu mwaka 2016, na bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa utaratibu rahisi. Saa zinazookolewa mpakani zinaweza kupotea zote gereji. Tena mwenye mzigo unaooza hana subira: fundi wa kwanza akimwambia giaboksi imekufa, anaanza kutafuta fedha za kununua nyingine. Huenda imekufa kweli, lakini hilo halijulikani kabla ya kupima.

Kwenye gari la manyuo, kama Canter na Hiace nyingi, mshukiwa wa kwanza ni klachi. Kipimo chake hakitaki mashine. Gari lisimame mahali tambarare pasipo na mtu mbele, breki ya mkono ivutwe na breki ya mguu ikanyagwe, iwekwe gia namba tatu, kisha klachi iachiwe taratibu. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kuzunguka, sahani ya klachi inateleza. Jaribio lisirudiwe mara nyingi, kwa sababu kila mara linaichoma sahani hiyo.

Kabla ya kushusha chochote, fundi aangalie kama pedali ina nafasi ya kucheza. Kebo iliyokazwa kupita kiasi huiacha klachi ikiwa nusu imekanyagwa muda wote, na kuirekebisha ni kazi ya dakika chache. Dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali huleta balaa lilelile. Na sahani ikikutwa imelowa oili, iliyovuja ni sili ya nyuma ya injini au ya giaboksi. Kufunga sahani mpya bila kubadilisha sili hiyo ni kutupa fedha.

Gari la oto linahitaji uangalifu zaidi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, hivyo Noah au Wish nyingi huwafikia wafanyabiashara zikiwa zimetembea sana, na hakuna anayejua oili ya giaboksi ilibadilishwa lini. Oili hiyo ndiyo inayosukuma klachi za ndani zishike. Ikipungua, presha inashuka na gia zinateleza.

Kwa Toyota nyingi zenye kijiti, oili hupimwa gari likiwa tambarare, limeshapata moto na injini inaunguruma, baada ya kupitisha mkono wa gia kwenye nafasi zote. Oili nzuri mara nyingi ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi za ndani zimeanza kuisha. Ikiwa imepungua, imevuja, kwa kuwa giaboksi haichomi oili kama injini. Patafutwe kwenye gasketi ya sampu, sili za ekseli na mipira inayokwenda kwenye rejeta. Magari mengi mapya hayana kijiti. Hupimwa kupitia nati iliyo chini, kwa joto maalumu, na fundi asiyejua joto hilo anabahatisha.

Kuna kosa jingine ambalo wasafiri wa mipakani hulifanya kirahisi: kununua chupa yoyote yenye herufi ATF kwa kuwa ng'ambo bei ni nafuu. Toyota iliyotengenezewa oili ya T-IV haitumii WS kiholela, na giaboksi ya CVT, ambayo huzungusha mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida, ina oili yake. Ukiiwekea ya kawaida, mkanda unaanza kuteleza na kujikwangua. Mwenye gari aandike jina la oili yake kwenye simu kabla ya kusafiri.

Oili ikiwa sawa, liulizwe swali moja: linateleza gia zote au moja? Likiteleza zote, fundi achunguze pampu, chujio na presha. Likiteleza moja tu, huenda ni klachi ya gia hiyo, au solenoidi na nyaya zake. Mashine ya kompyuta husaidia hapa. Msimbo P0730 unasema uwiano wa gia si sahihi, lakini hautaji kifaa kilichokufa. Kisha sampu ifunguliwe. Vumbi laini la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida. Vipande vya chuma si vya kawaida, na hapo hakuna chupa ya dawa ya dukani itakayoiponya.

Ikilazimu kununua giaboksi iliyotumika, iwe Kisekka mjini Kampala, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani, Dar es Salaam, umbo kufanana hakutoshi. Kibao cha Toyota kilicho chini ya boneti kina mstari wa TRANS/AXLE, na herufi zake ndizo za kulinganisha. Risiti itunzwe kwa ajili ya forodha, na siku za kurudisha ziandikwe juu yake, maana ahadi ya mdomo ni ngumu kuidai ukiwa nchi nyingine.

Na gari la oto likigoma kabisa, lisivutwe kwa kamba tairi zinazoendeshwa zikiwa chini. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili haizunguki, na giaboksi ambayo ingepona inaweza kuungua njiani. Lipakiwe juu ya gari jingine, na nyanya zihamishiwe kwenye usafiri wa kwanza utakaopita.