Usiniambie Muuaji Ni Nani

Waandishi chipukizi wanaonitumia miswada ya riwaya za upelelezi wana tabia ya kutanguliza barua ndefu: hadithi inahusu nini, muuaji ni nani, na alichukizwa na nini hata akaua. Wanadhani wananirahisishia kazi, kumbe wamenipokonya kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuwasaidia. Mswada wa mapenzi au wa historia naweza kuusoma mara tano na kila mara nikaambulia jipya. Wa fumbo nina nafasi moja tu ya kuusoma nikiwa sijui, na ikishapita hairudi. Kwa hiyo ninaowalea nawapa sharti hili: nileteeni sura zote, maelezo bakini nayo.

Ninaposoma huwa na daftari pembeni. Kila sura ikiisha naandika ninamshuku nani, na kwa lipi. Basi. Siandiki kwamba sentensi ni ndefu au kwamba neno "ghafla" limetokea mara nne ukurasa mmoja. Sura yenyewe huenda isiwepo kwenye rasimu ijayo, na kuinyoosha lugha yake sasa ni kupaka rangi ukuta unaosubiri kubomolewa.

Daftari hilo ndilo ninalomkabidhi mwandishi kwanza, kabla ya maoni yoyote. Wengine huvunjika moyo. Walidhani wamemficha mjomba vizuri, na daftari linasema nilimshuku mjomba tangu sura ya tatu na sikumwacha mpaka pingu zilipofungwa. Dawa inayowajia haraka ni kumficha zaidi: wanampunguzia maneno, wanamwondoa ukumbini, wanampeleka safari Nairobi. Mwishoni msomaji anaambiwa muuaji ni mtu ambaye hata sura yake haikumbuki. Anashangaa, ndiyo, lakini kwa kukosa habari, na mshangao wa namna hiyo hauna thamani. Mimi hupendekeza kinyume chake. Mjomba ashukiwe mapema na waziwazi, ahojiwe, atoke akiwa safi machoni pa msomaji, kisha ushahidi uliomsafisha uje kuporomoka baadaye. Kuna riwaya maarufu sana iliyojengwa yote juu ya hila hii. Siitaji, nisije nikafanya ninayowakataza wenzangu.

Kazi ngumu zaidi ni vidokezo. Tuchukue mfano niliouunda kwa ajili ya mafunzo. Tajiri mmoja ameuawa asubuhi pwani ya mashariki ya Unguja, tuseme Jambiani. Shemeji yake anadai kwamba saa nne kamili alikuwa anatoka baharini, akaifikisha ngalawa yake mbele ya nyumba, akateremsha samaki hapo hapo. Uongo huo una ufa mmoja: siku hiyo ilikuwa bamvua. Mwezi ukipevuka au ukiandama, maji ya pwani yetu hukupwa sana karibu na saa nne, na Jambiani bahari huondoka ikaacha mchanga mtupu mwendo mrefu kuelekea kwenye mwamba. Ngalawa ingekwama mbali, na mwenyewe angerudi kwa miguu.

Katika rasimu ya kwanza, mwandishi huweka siri yote sura ya mwisho. Mpelelezi anatoa jedwali la maji kupwa na kujaa mfukoni, anasoma saa, watu wanaduwaa. Huo ni udanganyifu. Ronald Knox, padri wa Kiingereza aliyeandika amri zake kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929, alishapiga marufuku mpelelezi kuokota kidokezo bila msomaji kuonyeshwa papo hapo. Amri zake nyingine zimevunjwa na waandishi wazuri bila hasara yoyote. Hii bado inasimama.

Akikumbushwa, mwandishi huongeza sentensi: usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, na bamvua ilikuwa imeingia. Anaiweka peke yake, aya nzima, mwanzo wa sura ya pili. Sasa kidokezo kipo, lakini kimesimama uwanjani kinapunga mkono. Daftari langu lingeandika: mbona anatusisitizia mwezi?

Katika rasimu ya tatu mwezi hautajwi kabisa. Jirani anaingia kwa mjane wa tajiri na ugomvi wake: "Wenzio tangu saa tatu tuko mwani, kamba zangu nimezikuta zimekatwa, na wewe bado umejifunika shuka!" Msomaji anasikiliza ugomvi. Anajiuliza nani alikata kamba, na pengine anaanza kumshuku jirani. Lakini tayari ameambiwa kwamba asubuhi ile kina mama walikuwa shambani kwao, na shamba la mwani hufikiwa maji yakitoka. Kidokezo kimepita kikiwa kimebebwa na jambo jingine lenye makali yake.

Hapo mwandishi wa pwani huridhika. Huniambia, "Mwalimu, bamvua nani asiyeijua?" Namuuliza, na msomaji wako wa Mwanza? Ziwa Victoria halipwi likajaa mara mbili kwa siku. Mtu wa Mwanza, Kisumu au Bukavu ana haki ya kulifumbua fumbo kama mtu wa Makunduchi, hivyo lazima afundishwe mapema, tena bila kujua kwamba anafundishwa. Mahali fulani sura ya kwanza mtoto anaulizwa mama yake yuko wapi, naye anaonyesha kwa kidole kule mbali na kusema atarudi maji yakianza kujaa. Sentensi moja ya mtoto inatosha. Nikilazimika kuchagua kati ya mwandishi mwenye njama kali na yule aliyeweza kumpata mtoto huyu, namchukua wa pili.

Malezi ya namna hii hayakuanza leo. Agatha Christie, kabla hajaandika hata riwaya moja ya upelelezi, alisomewa mswada na Eden Phillpotts, mwandishi aliyekuwa jirani yao mjini Torquay. Phillpotts alisifu mazungumzo ya wahusika wake na kumshauri ayakate mahubiri, awaache wahusika wajisemee. Mswada ule haukuchapishwa, lakini mwaka 1932 Christie alimtabaruku Phillpotts riwaya ya *Peril at End House*. Halafu kuna mkasa wa *The Mysterious Affair at Styles*, riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1920 baada ya kukataliwa na wachapishaji kadhaa. Katika mswada wa awali mpelelezi wake, Poirot, alifichua siri yote akiwa kizimbani kama shahidi, anahutubia mahakama. Mchapishaji John Lane alimtaka aiandike upya sehemu hiyo, kwani mahakama haziendeshwi hivyo.

Ninachokipenda hapo ni jinsi alivyorekebisha. Sumu aliijua barabara, maana wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi kwenye duka la dawa la hospitali. Mahakama hakuijua. Hakwenda kusomea sheria. Aliichukua hotuba ya Poirot akaihamishia sebuleni, mbele ya wanafamilia, mahali alipopafahamu, na sebule ile ikawa desturi ya riwaya zake kwa miaka mingi.

Miswada ninayopokea ina mahakama zilezile za kuazima. Tanzania na Kenya hakuna baraza la raia 12 linaloamua hatia ya mshitakiwa, ila kwenye miswada lipo, kwa kuwa kwenye sinema lipo. Kipimo cha vinasaba kinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na jibu linarudi kabla chai haijapoa. Hapa huwa sina maneno mengi: ama nenda ukaulize, ama hamisha tukio.

Tatizo la mwisho linatokana na mahali hadithi nyingi zinapozaliwa siku hizi. Kijana anaandika kipande kila siku kwenye simu, wasomaji wanadai kinachofuata, naye anakatisha penye utamu. Mpaka kipande cha ishirini yeye mwenyewe hajaamua nani aliua. Si aibu, lakini mkusanyiko wa vipande hivyo haujawa riwaya. Namwagiza aandike kwanza, kwenye kurasa tatu hivi, hadithi ya muuaji peke yake tangu wazo lilipomwingia hadi alipodhani ameponyoka, kwa tarehe na saa. Kisha tunaipitisha kila sura mbele ya kurasa hizo. Sura nyingi hazivuki.

Tena vipande hivyo hupenda kuanza kama Muhammed Said Abdulla na kumalizika kama Elvis Musiba. Bwana Msa wa Abdulla, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* iliyoshinda shindano la hadithi za Kiswahili la 1957–58 na kuchapishwa 1960, anaketi na kiko chake akichambua nasaba na siri za nyumba za watu. Willy Gamba wa Musiba anafukuzana na majasusi, na bunduki ndiyo inayofunga hesabu. Zote ni njia halali. Ila mtu aliyenitembeza sura 18 nikihesabu funguo na vikombe, kisha akampiga risasi muuaji kabla hajasema neno, amenidhulumu.

Rasimu iliyorekebishwa haianzi kwangu, kwa kuwa mimi nimekwisha kuharibika: namjua muuaji. Inakwenda kwa watu watatu wasiojua lolote, na bora wasiwe waandishi. Muuguzi wa zamu ya usiku ni msomaji mzuri sana. Hawaulizwi kama wamependa, maana kwa adabu watasema ndiyo. Wanapewa daftari na swali lilelile la mwisho wa kila sura. Wote watatu wakimtaja muuaji, mwandishi aiache sura ya mwisho kama ilivyo na arudi kwenye ukurasa ambapo wa kwanza wao alilitaja jina hilo.