Ujuzi wa nyumbani unaweza kufanya kazi nje



Vita humnyang'anya mtu shamba, mbuzi na nyumba. Ujuzi wake haiwezi kuunyang'anya. Hata hivyo, tunapoandikisha watu kwa mafunzo, mama aliyelea watoto sita hutujibu: "Mimi sijui kazi yoyote." Tangu kambi nyingi zilizozunguka Goma zilipovunjwa mwaka 2025, familia nyingi zinaanza upya bila mtaji. Kwa hiyo jibu hilo lina hasara kubwa.

Tuangalie vizuri. Mama anayegawa unga kidogo ufike mwisho wa juma anajua kupanga matumizi. Ni ujuzi ule ule wa mtunza hazina wa likelemba. Anayepatanisha watoto wake na wa jirani anajua kusikiliza pande mbili. Kamati ya maji inamhitaji.

Ujuzi hurudi nyumbani pia. Baba aliyekuwa mwashi alizoea kugawa kazi kwa wasaidizi kulingana na nguvu ya kila mmoja. Nyumbani agawe vivyo hivyo kazi za maji na kuni, naye achukue sehemu yake.

Lakini kuna tofauti. Sauti ya amri inayofaa kwenye ujenzi huleta ugomvi mezani. Na mama anayemsamehe mtoto deni hana haki ya kusamehe deni la likelemba, kwani fedha ni za watu wote.

Ujuzi hauhami wenyewe. Viongozi wa vikundi, tumsaidie mtu mzima hivi:

1. Aseme kazi zote alizofanya jana, tangu asubuhi hadi usiku.
2. Achague moja, aieleze hatua kwa hatua.
3. Kikundi kiulize: inafanana na kazi gani nyingine? Inatofautiana wapi?
4. Aijaribu juma moja, pamoja na mwenzake.
5. Arudi aeleze kilichofaulu na kilichoshindikana.

Asiyejua kuandika ahesabu kwa punje za maharagwe. Mtu mzima si mtoto wa shule: tuanze na anachokijua.

Wengine husema mke hawezi kufanya kazi bila ruhusa ya mume. Sheria ya familia ya 1987 ilidai ruhusa hiyo, lakini sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa. Sasa mume na mke wanatakiwa kupatana. Kupatana nako ni ujuzi: wanaouzoea nyumbani wataupeleka barazani, ambako waliohama na wenyeji hugombania shamba na maji.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

- Ni kazi gani ya nyumbani ambayo hatujawahi kuiita ujuzi?
- Nani kati yetu angefaa kwenye kamati, lakini hajaombwa?
- Ni desturi gani ya kazini ambayo haifai kuingia nyumbani?